Kome na Kaa Meza Moja

Kwenye ghala letu la Al Quoz, huku Uarabuni, tunakosafisha samaki wa mahoteli, kuna meza mbili za wanyama wasio na uti wa mgongo. Meza ya kisu ni ya walio laini, ngisi na pweza. Meza ya brashi ni ya wenye ganda gumu: kome, kaa, kamba. Na hivyo ndivyo nilivyomfundisha mdogo wangu wa mwisho kwa simu, jioni ya kuamkia mtihani wake wa vitendo wa biolojia.

Niliachia shule darasa la saba, wazazi wetu walipofariki, ili wadogo zangu wanne wasiache. Watatu wamemaliza. Alibaki huyu, na biolojia ndiyo iliyokuwa ikimwangusha. Bila hiyo chuo cha uuguzi hakimchukui. Nikamwomba anitumie picha za wanyama wake, nikamgawia kwenye makundi mmoja mmoja, kama meza zetu. Kabla ya hapo sikuwahi kumsaidia somo lolote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashukuru.

Asubuhi, nikisugua kome, nilimsimulia mwenzangu wa mezani, Mganda aliyekuwa mwalimu wa sayansi kwao. Aliweka brashi chini.

“Kaa na kome kundi moja kwa sababu ya ganda? Basi na yai liweke hapo hapo.”

Nilicheka, yeye hakucheka. Alimpasua kome, akanionyesha mwili laini usio na kiungo hata kimoja. Huyu, akasema, ni wa ukoo wa ngisi na pweza. Kaa na kamba, wenye miguu ya pingili, wako ukoo mmoja na mende.

Nikavua glavu. Ilikuwa saa mbili kasorobo. Nyumbani ni saa moja kasorobo, na saa moja mdogo wangu humwachia simu shangazi anayekaa naye, akaenda shule. Simu zetu hufungiwa kabatini hadi mapumziko. Nilimwendea msimamizi, nikamwambia nina dharura ya nyumbani. Alitazama saa yake.

“Dakika tano, khalas, hakuna zaidi. Yalla, haraka.”

Akanifungulia kabati. Mara ya kwanza simu iliita ikakatika. Ya pili akapokea. Nilimweleza mbio mbio kwamba nimemfundisha vibaya, kome hakai na kaa.

Akanijibu:

“Dada, nilijua tangu jana. Imo kitabuni. Sikutaka kukukatiza, ulikuwa umefurahi.”

Nilimwambia awahi mtihani, nikarudi kwenye brashi. Moyo haukutulia. Nilijiuliza ni mangapi mengine anayonificha kwa kunihurumia, na kama huo uuguzi anautaka yeye, au ninautaka mimi.