Wigi Iliyopanda Mto

Hii nawaambia mwenyewe kwa sababu mume wangu ameisimulia vibaya mara nyingi, ilhali hata hakuwepo, na kama ni aibu basi heri nijiaibishe kwa mdomo wangu. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, simu yenye tochi ikiwa ndiyo ya maringo, na mimi nilikuwa karani katika ofisi moja huko Bungoma, nimepata mchumba anaitwa Maina, kwao ni Kibomet hapo Kitale, na siku ya kwenda kuonyeshwa kwa wazazi wake imefika.

Sasa wiki hiyo hiyo nilikuwa nimejitia dawa ya nywele nyumbani (msijaribu, nawasihi), ikaniunguza, nywele zikatoka mafungu mafungu, kichwa kikabaki kama shamba la mahindi lililopitiwa na ng'ombe. Dada yangu Nafula akaniazima wigi yake, nyeusi, ndefu mpaka mabegani, akanionya nikiiharibu nisirudi kwake.

Kibomet nilipokelewa vizuri. Baba Maina, mzee mpole aliyestaafu kazi ya msitu, alikuwa na wazimu mmoja tu: kuvua samaki wanaoitwa trauti kwenye mto baridi unaoshuka kutoka Mlima Elgon. Na si kwa nyungunyungu, la, yeye alikuwa anafunga manyoya ya jogoo kwenye ndoano ndogo mpaka inafanana na nzi, halafu anairusha kwa fimbo ndefu, kamba inaenda nyuma kwanza, kisha mbele, nzi anatua majini taratibu kama mdudu wa kweli. Tulipokuwa tunakunywa chai akauliza nani anamsindikiza, kila mtu akaangalia kikombe chake, na mimi na kiherehere changu nikasema, "Baba, mimi nitaenda." Mama yake Maina akaniletea kitambaa nijifunge kichwa, ati huko juu kuna upepo. Nikakataa. Niliona kitambaa kitaniharibia wigi, nionekane mshamba.

Ilikuwa mwezi wa sita, mvua imepumzika kidogo, maji yameanza kuwa safi. Baba akavua samaki wawili wenye madoadoa, wazuri kweli, halafu akanipa fimbo nijaribu. Mara za kwanza kamba ilirundikana miguuni pangu kama tambi. Nikaona aibu, nikasema hii sasa lazima iende, nikavuta nyuma kwa nguvu zote za watu wa Bungoma, nikarusha mbele, na hapo nikasikia baridi kichwani.

Wigi ilinipita juu kama kuku anayefukuzwa, ikatua katikati ya mto, mkondo ukaichukua, ikapotea kwenye kona, ndoano ikiwa bado imeinasa, kamba ikizidi kutoka tu.

Baba aliangalia maji, akaangalia kichwa changu, akaangalia maji tena. Mtu mwenye heshima huyo. "Mwanangu," akasema, "kunja kamba polepole, usiivunje." (Mpaka leo sijui alimaanisha nini isivunjike, fimbo au ndoa.)

Tukafuata ukingo, mimi nakunja huku natembea, na tulipokaribia kona tukasikia nyimbo. Watu wa kanisa moja kutoka sehemu inayoitwa Kwanza walikuwa wamekuja kubatizana. Pasta alikuwa majini mpaka kiunoni, ameshika mzee mmoja karibu kumzamisha, na wigi ikapita katikati yao. Hapo wangedhani ni takataka, waendelee. Lakini ndipo nikakunja. Wigi ikasimama, ikageuka, ikaanza kupanda mto, nywele zimelala pande zote mbili kama mnyama anayeogelea.

"Pasta," yule mzee akasema kwa sauti ndogo, "hiyo kitu inapanda." Akatoka majini bila kuaga. Akina mama wa kwaya wakashika sketi wakapanda ukingo, wimbo ukabaki katikati, na pasta peke yake akanyoosha mkono akaanza kuikemea, nayo inazidi kuja kwa sababu mimi, bana, kwa woga nilikuwa sijaacha kukunja.

Nikatokea kwenye majani na kile kichwa changu. "Samahani," nikasema, "ni yangu."

Halafu mama mmoja wa kwaya akauliza si huyo ni Baba Maina, na alikuwa na simu, kwa hivyo tulipofika Kibomet habari ilikuwa imetangulia kufika, imekaa, imekunywa chai. Njia nzima Baba alicheka mpaka akasimamisha pikapu apanguse macho. Mimi nilikuwa nawaza nichukue mkoba nirudi kwetu.

Mama aliningoja mlangoni, akanipeleka chumbani, akafunga. Nikajua sasa nitaambiwa kwa upole kwamba wasichana ni wengi. Akanikalisha kwenye kigoda mbele ya magoti yake, akachota mafuta ya maziwa ya ng'ombe, akaanza kunipaka pale palipoungua.

"Mzee amecheka hivi njia nzima?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Tangu astaafu sijamsikia akicheka. Hakuna kwenda Bungoma leo."

Nililia kidogo, halafu nikacheka na yeye.

Tulioana mwaka uliofuata. Yule mzee alibatizwa baadaye, nasikia kwenye tangi, alisema mito amemaliza nayo. Nafula alinisamehe baada ya muda mrefu. Na mimi, Baba akiniita mtoni naenda, nabeba chai, nakaa mbali na hiyo fimbo, na sivai tena kichwani kitu ambacho hakikuota hapo.