Samaki Ndani ya Kisamvu

Nilisikia kucha zikikuna ngozi kabla sijamwona mtu. Zilikuna barazani, nyuma ya ukuta wa udongo, mbiombio, kama kuku anayepekua majani makavu.

Jikoni tulikuwa mama, dada yangu na mimi, kwetu Nambambo, miaka ile Wazungu walipokuwa wakifyeka mapori ya Nachingwea wapande karanga. Aliyekuwa akila nje ni mume wa dada, kijana wa Chunyu, upande wa Ruangwa. Kwa desturi yetu mume huhamia ukweni, akalima shamba lao na kula cha chungu chao. Shemeji alilima mpaka jembe likalika. Ila kula samaki alikataa.

Samaki mkavu wa Lindi, aliyenunuliwa kwa jasho ili kumheshimu mkwe! Mama aliona ametemewa mate. Asubuhi ile, bila kumwambia mtu, alimtwanga samaki mpaka akawa unga, akamchanganya kwenye kisamvu.

"Mke wangu," shemeji aliita, sauti imekwaruza, "humu mna nini? Ulimi unaniwasha."

Kwa mila, mama hakusema na mkwe wake uso kwa uso. Alimnong'oneza dada: "Mwambie mna majani. Au kwao Chunyu hata majani yanawasha?"

Dada alitoka mbio, nami nyuma yake. Midomo ya shemeji ilikuwa imevimba, macho yamefumbika. Mabaka yaliyoinuka yalipanda kifuani hadi shingoni, na kila pumzi ilitoka na mluzi. Akainama, akatapika.

"Ni samaki tu," mama alisema mlangoni. "Nilitaka ajue samaki haui mtu."

"Mama, hakujua!" dada alilia. "Asiyejua kilichomo atajifanyaje mgonjwa?"

Kisha dada akakumbuka siku ya harusi: mumewe alionja samaki kidogo, mdomo ukavimba, tukacheka kwamba bwana harusi kaumwa na nyuki. Mama alikumbuka pia. Nilimwona akikumbuka.

Pumzi ilimrudia shemeji jioni, lakini uso ulikuwa bado umevimba, na wachota maji walikwisha kuuona. Kesho yake akaitwa mjomba, kaka yake mama, mwenye neno la mwisho nyumbani kwetu. Alisikiliza yote.

"Basi ni mwili wake, haupatani na samaki," alisema. "Nimeelewa. Lakini nani ataelewa huko sokoni? Watasema dada yangu analisha wakwe sumu. Akiondoka kijana huyu, na maneno yataondoka."

"Mama, sema," dada alimsihi.

Mama alichochea moto.

Siku hizi watu hupenda kusema kwamba wazee wetu walikuwa wajinga. Laiti wangekuwa wajinga. Nisingekuwa na la kuwadai.

Shemeji alifunga nguo zake katika kanga ya dada, wala hakuulizia jembe. Dada aliinuka amfuate. Mjomba aliufunga mlango, akauegemea.