Bunduki fupi ya Ami: nilivyoitengenezea mkono wake, na ilivyotutia aibu asubuhi za kipupwe

Wakuu, kwa hesabu ya miaka yangu karibu wote humu ndani mnanidai marahaba. Basi marahaba kwa pamoja, tusipotezeane muda.

Juzi mjukuu wangu alinisomea uzi wa kijana mmoja. Kaweka picha ya pikipiki yake, kabadilisha usukani, kabadilisha kiti, halafu kaandika kwamba ku-customize ni mambo ya kizazi chao, wazee walitumia vitu kama vilivyotoka dukani.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia mjukuu aniwekee simu sawasawa, kuna mtu anahitaji kusimuliwa.

Ninayoandika hapa niliyafanya kwa mikono yangu. Chumvi tunaivuna kwetu Bagamoyo, lakini leo sitaitia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Mimi kijana, sijaoa, fundi seremala. Marehemu baba alikuwa mchonga milango, ile ya maua na minyororo mnayoipiga picha mkija kutembea, na patasi alinishikisha mapema. Kwa kazi ya mbao nilikuwa najiamini kupita kiasi. Hadi leo sijapunguza.

Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa na shamba la mpunga bonde la Ruvu. Lilikuwa la mwisho kabisa, limepakana na msitu. Mahali hapo tukipaita mlangoni, kwa sababu nguruwe mwitu wakitaka kuingia kwenye mpunga wa watu wote, wanaanzia hapo.

Sasa sikilizeni utaratibu wa bonde. Mwenye shamba la mlangoni ndiye mlinzi wa wote. Anakaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kuamia mazao, na nguruwe hawapiti. Kwa malipo ya hiyo kazi alikuwa na heshima moja: mpunga ukiiva, hakuna anayevuna mpaka yeye akate suke la kwanza. Babu alikuwa mlangoni, na Ami akafuata. Kwa gobore lake tu, ambalo ukishalipiga unarudi kushindilia baruti kama unatwanga, bonde zima lililala usingizi.

Halafu Ami akaenda kuongeza kipato kwenye shamba la mkonge, akawekwa korona. Msishtuke, siyo ule ugonjwa. Korona ni kiwanda cha kukwangua majani ya mkonge yabaki nyuzi.

Mashine ikamla vidole vitatu vya mkono wa kulia. Vikabaki dole gumba na cha shahada.

Kilichomuumiza Ami zaidi siyo kidonda. Mkono wa kulia ndio wa kula na wa kusalimia watu. Tukimaliza kusali pale msikitini, watu wanageukiana kupeana mikono. Ami akawa anatoa salamu ya mwisho na kuondoka haraka kabla hajageukiwa na mtu. Ule mkono akauficha kwenye mfuko wa kanzu na ukabaki humo.

Gobore likamshinda. Msimu uliofuata nguruwe waliingia, na wenye mashamba wakaanza kunong'ona kwamba mlangoni apewe Mzee Mwinchande, mwenye shamba la pili, mzima wa mikono yote miwili. Mwinchande hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mdomo tu.

Ndipo Ami akanunua bunduki fupi kutoka kwa Mzungu mmoja mkulima aliyekuwa anarudi kwao. Kibali cha serikali kilikuwepo, najua mtauliza.

Ilikuwa ya aina mnayoiita lever action. Chini ya kifyatulio kuna wenzo wenye pete. Unaingiza vidole kwenye pete, unashusha wenzo, ganda la risasi linaruka nje, unapandisha, risasi mpya imeingia. Hakuna kushindilia, hakuna kusimama. Fupi, nyepesi, juu ya dungu inageuka bila kugonga miti.

Lakini wakuu, ilikuwa na kasoro za kutosha kufungua karakana. Kitako kimepasuka, kimefungwa waya. Kijino cha kulengea mwisho wa mtutu kimepinda, risasi zinaenda kushoto. Na kubwa kuliko zote, ile pete ilikuwa ndogo, imetengenezwa kwa vidole vitatu. Vile vile vitatu ambavyo Ami hakuwa navyo.

Akaniletea imefungwa kwenye kanga ya mkewe.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba, mwanangu. Wewe unachonga milango ikafungua majumba ya watu. Nitengenezee hii ifunguke kwa mkono wangu huu."

Akautoa mkono mfukoni. Mara ya kwanza nauona tangu upone. 

Nikaanza na kitako. Nilichonga kipya kwa mninga uliokauka vizuri, maana mninga haupindipindi. Sikufuata kipimo cha Mzungu. Nilimkalisha Ami juu ya kibao kama anavyokaa dunguni, nikampa kipande cha ubao ashike kama bunduki, nikachora pale bega lilipogusa na pale shavu lilipolala. Kikatoka kifupi kuliko cha zamani. Ubavuni nikachonga mnyororo wa milango ya baba. Haukuwa na faida yoyote kwenye shabaha. Nilitaka tu ajulikane aliyekichonga.

Kijino kilichopinda nikakitoa, nikakata kipande cheupe cha ganda la chaza, nikakisugua na kukiweka mahali pake. Alfajiri, giza likianza kufifia, cheupe kinaonekana wakati chuma hakionekani. Hilo nililifikiria mwenyewe, na nasema tena, mwenyewe.

Kazi ikaja kwenye pete. Nyumba moja mjini ilikuwa imeanguka, mlango wake ukaletwa kwangu kutengenezwa, ukiwa na pete nene ya chuma ya kubishia hodi. Mwenyewe hakuitaka. Nikaipeleka kwa mhunzi, tukaikunjua, tukaikunja upya iwe pana, ndefu kidogo kwa chini. Pete ya zamani tukaikata, mpya tukaiunga kwenye wenzo kwa ribiti, ile misumari ya kupondwa ncha. Sehemu inayoingia ndani ya bunduki tuliiviringishia matambara ya maji ili moto usiiharibu.

Nikaivalisha pete ngozi ya mbuzi, nikaishona kwa ndani, isimkwaruze penye makovu.

Sasa Ami aliingiza kiganja chote. Akisukuma kwa kitako cha kiganja, wenzo unashuka. Akivuta, unapanda. Kidole cha shahada kikabaki huru kwenye kifyatulio.

Mwisho nikaifungua yote, nikaisafisha na kuipaka mafuta ya nazi ya kutosha. Mnaopajua pwani mnaelewa. Kwetu mafuta ya nazi yanapakwa nywele, bawaba, randa, msumeno na mtoto mchanga. Kiking'aa kitu, kimepata mafuta ya nazi.

Tukaenda kuijaribu alasiri, nyuma ya mikoko ya Kaole. Nikapanga vifuu juu ya gogo. Ami akapiga, akashusha, akapandisha, akapiga. Vifuu vikapotea kimoja baada ya kingine. Akanigeukia, anacheka kwa mabega.

Siku ile nilirudi mjini natembea katikati ya barabara.

Basi mpunga ukaanza kuiva, kipupwe nacho kimeingia. Tukapanda dunguni na Ami. Alfajiri nguruwe wakatoka msituni, kundi zima.

Ami akalenga, akavuta kifyatulio. Nyundo ikagonga kwa unyonge, tik, kimya. Akasukuma wenzo, ukashuka kwa uzito, umekuwa mzito kama anachota tope. Akalenga tena. Tik.

Tulibaki kupiga kelele na debe kama watoto wa kufukuza ndege. Nguruwe walikula mpaka waliposhiba, wakavuka na kwa Mwinchande.

Nikaipeleka bunduki nyumbani, nikaifungua mchana. Inafanya kazi safi. Sikuona kosa. Nikaongeza mafuta ya nazi, ili ilainike zaidi.

Mnaanza kucheka, najua.

Alfajiri iliyofuata, mambo yale yale, na afadhali ya jana. Mchana nikaijaribu tena, fresh kabisa. Ami akaigeuzageuza.

"Mwanangu, hii bunduki inafanya kazi mchana tu, kama karani."

Mwinchande alikuja kutupa pole. Akaishika, akapapasa mnyororo wangu wa kuchonga, akasema, "Kazi nzuri. Mkiitundika sebuleni wageni watapenda." Kisha akamwambia Ami, bila kejeli safari hii, kwamba wenye mashamba watakaa Ijumaa baada ya sala kuzungumza habari ya mlangoni. Wengine walishaanza kusema bunduki imekaliwa na shetani, na inataka mganga kabla ya fundi.

Nilikasirika, wakuu. Kama kosa ni langu niambiwe ni langu, lakini nisipokonywe na shetani kazi niliyoifanya mimi.

Ami yeye hakukasirika. Alirudisha tu mkono mfukoni. Hilo lilinichoma kuliko maneno yote ya Mwinchande.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nimekaa jikoni kwa Ami, nimetoka dunguni na baridi yangu na aibu yangu. Mkewe, Bi Mwatumu, alikuwa anataka kuchana nywele. Akainamisha chupa ya mafuta, hayatoki. Akaitikisa, hayatoki. Akaisogeza karibu na mafiga.

"Mama, unafanya nini?"

"Mafuta yameganda. Si kipupwe hiki? Jua likipanda yatayeyuka yenyewe, lakini mimi nina safari."

Nikaitazama ile chupa. Mafuta meupe, magumu kama mshumaa.

Nikaitazama bunduki.

Nilisimama nikagonga kichwa kwenye boriti.

Kila mtu wa pwani anajua mafuta ya nazi yanaganda kipupwe. Tangu utotoni tunaona chupa zimeanikwa juani. Lakini nani alifikiria kwamba yanaganda na ndani ya bunduki? Gobore halikuwa na matumbo, ulipaka ukapiga. Hii ilikuwa na njia nyembamba ndani, na zote nilizijaza mimi, na nilipoona tatizo nikaongeza. Bondeni alfajiri kuna baridi, yanaganda. Nikiifungua mchana, jua limeshayeyusha ushahidi.

Nikaifungua yote, nikaiosha kwa mafuta ya taa mpaka harufu ya nazi ikatoka. Nikaenda kwa fundi cherehani barazani kwake, nikamwomba tone la mafuta ya cherehani. Akaniuliza nashona nini. Nikamwambia nashona nguruwe.

Nikapaka kidogo sana, kwa unyoya wa kuku.

Ijumaa alfajiri Mwinchande alikuwa kwenye dungu lake, tunaliona. Baridi ilikuwa kali kuliko siku zote, nami niliifurahia. Nguruwe wakatoka kwa madaha, maana walishatuzoea.

Ami akaingiza kiganja kwenye pete.

Mlio. Wenzo chini, juu. Mlio. Chini, juu. Mlio. Nakwambieni, ule mkono haukuwa mkono mbovu tena. Uliteleza kama wa mtu anayefungua mlango wa nyumba yake mwenyewe. Watatu walilala palepale na waliobaki walirudi msituni kwa fujo, wala msimu ule hawakutoka tena.

Mizoga hatukuigusa, dini hairuhusu. Wafanyakazi wa kambi ya mkonge walisikia milio wakaja na miti ya kubebea, wanaimba.

Mwinchande akashuka dunguni kwake, akavuka mpunga, akaja akasimama chini yetu. "Mlangoni pana mwenyewe," alisema. Hakuongeza neno, na kwa mdomo wake ule hilo lilikuwa jambo kubwa.

Tukaoga, tukaenda msikitini. Imamu akatoa salamu ya mwisho. Nikageuka kumtafuta Ami, nikijua atakuwa ameshafika kwenye viatu.

Hakuwa ameondoka. Alikuwa amekaa palepale, amegeukia ubavuni kwa Mwinchande, amempa mkono wa kulia. Ule wa vidole viwili. Mwinchande akaupokea kwa mikono yake yote miwili. Kisha Ami akageukia wa pili, akaendelea na safu nzima, mpaka akafika kwangu.

Nililia, wakuu. Sioni aibu kuandika.

Kikao hakikukaliwa. Walimuuliza tu Ami atakata suke la kwanza lini. Alilikata kwa mkono ule ule, na akaendelea kukaa mlangoni mpaka nguvu zilipomwishia. Alipofariki bunduki tuliikabidhi polisi kama sheria inavyotaka, kwa hiyo msiniombe picha.

Mwinchande? Kabla mpunga haujaisha kuvunwa alileta gobore lake, anataka kitako kipya. "Na ule mnyororo usiusahau," akaniambia. Sikuusahau.

Nilichojifunza: kitu cha dukani kimetengenezwa kwa mkono wa mtu ambaye hamjaonana. Fundi kazi yake ni kuuangalia mkono uliopo. Na ukishamaliza, kijaribu kwenye baridi na saa ile ile kitakapotumika.

Kijana wa pikipiki, usukani wako ni mzuri, nimeuona. Sasa nieleze, umeubadilisha kwa ajili ya mkono gani?

Wengine nanyi leteni ya babu zenu, nasoma zote. Mwenye ubishi pia aje, ila aanze na shikamoo.