Lori la Karugendo Lapata Mwenyewe

NSHAMBA, Juni 1955. Saa moja asubuhi, Aroni Karugendo amelala chali chini ya lori lake la tani tatu. Kinachoonekana ni miguu yake tu, mmoja una kiatu, wa pili hauna. Juu, wapakizi wanapanga magunia ya kahawa yanayokwenda Bukoba.

"Ngojeni, waitu, ndugu zangu, imebaki nati moja!" anapiga kelele kutoka huko chini.

Anapotokeza amepakaa grisi mpaka masikioni, na anacheka. Mwandishi huyu hajapata kuona mtu aliyefurahia uchafu kiasi hicho. Lakini mwaka huu, tangu Januari hadi Mei, lori hili lilisimama uani kwake, kuku wakitaga chini ya kiti cha dereva, na mwenyewe hajui kama ni lake au si lake.

Karugendo ana miaka thelathini na minane. Alianza kazi akiwa utingo, miaka sita, kisha akaendesha magari ya watu miaka minane. Katika muda huo wote alidunduliza mpaka akafikisha shilingi elfu nne na mia mbili. Julai mwaka jana akanunua lori kwa Mzee Rwegasira wa Buganguzi.

"Tuliuziana kama watu wanavyouziana kibanja cha migomba," anasema.

Maana yake ni kwamba fedha zilihesabiwa mbele ya mashahidi, kikaletwa kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi, muuzaji na mnunuzi wakanywa kwa mrija mmoja, na mashahidi wakafuata. "Kwetu ukishakunywa, umeuza. Nani angedhani serikali hainywi?"

Kadi ya gari alikabidhiwa siku hiyo hiyo, akaifungia sandukuni. Mahali pa sahihi ya muuzaji palibaki peupe. Hakuna aliyeuliza.

Januari alikwenda Bukoba kulipia leseni ya mwaka mpya. Karani akaisoma kadi, akamtazama.

"Wewe ndiye Rwegasira?"

"Hapana bwana, mimi ndiye niliyenunua."

"Basi kamlete Rwegasira atie sahihi."

Rwegasira alikuwa amezikwa wiki moja kabla ya Krismasi.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alimweleza kwamba mrithi anaweza kutia sahihi, ila aje na barua ya ukoo iliyothibitishwa gombolola, kwenye ofisi ya chifu mdogo wa eneo. Kwa Wahaya, hata hivyo, mrithi hasimikwi mpaka matanga yaishe. Na kabla hayajaisha, Kaijage, mdogo wake marehemu, akapata habari kuwa kadi ina jina la kaka yake. Akaanza kutangaza kila alipokaa kwamba lori ni mali ya ukoo.

"Hapo niliogopa kweli," Karugendo anasema, na kicheko kinatoweka usoni. "Miaka kumi na minne ya jasho langu ilikuwa inapotea hivi hivi, naona. Msimu wa kahawa unakuja, nasikia malori ya wenzangu yakipita barabarani. Mke wangu Theopista alikonda kuliko mimi."

Mwezi wa Mei ukoo ulikutana Buganguzi kumaliza matanga. Kaijage akasimama, akataja mali moja moja: kibanja, ng'ombe wanne, lori. Karugendo, aliyeketi karibu na mlango, anasema alisikia moyo wake ukigonga kama injini iliyokosa mafuta.

Ndipo Clotilda, mjane wa marehemu, akapaza sauti kutoka mkekani walikokaa wanawake.

"Shemeji, kibuyu cha siku ile nilikileta mimi kwa mikono hii. Ulikunywa, hukunywa?"

Kaijage akakohoa. "Nilikunywa."

"Ulikunywa mpaka miguu ikakukataa. Nani alikurudisha kwako?"

"Karugendo."

"Kwa gari la nani?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Kaijage aliinamisha kichwa, halafu kicheko kikamshinda naye. "Kwa gari lake," akasema. "Tena nilimwambia mwenyewe njiani, 'Karugendo, gari lako linarusha.'"

Mambo yakaishia hapo. Kwa mila, aliyekunywa rubisi ya mauzo hana mdomo wa kukana mauzo. Datius, mtoto wa kwanza wa marehemu, mwalimu wa shule, alisimikwa kuwa mrithi jioni ile na kuandika barua. Mashahidi wakaweka dole gumba, na wa kwanza alikuwa Kaijage.

Barua ilipothibitishwa gombolola, Datius na Karugendo walipanda basi kwenda Bukoba. Sahihi ikatiwa mbele ya karani yule yule, na kadi ikatoka na jina jipya: Aroni Karugendo.

"Ina mistari michache tu," anasema, "lakini niliisoma njia nzima ya kurudi."

Siku lori lilipowashwa, Nshamba ilisimama. Injini ilikataa mara mbili, ya tatu ikanguruma, kuku wakaruka kila upande, na vigelegele vya Theopista vikasikika mpaka sokoni. Tangu hapo Karugendo huenda Bukoba mara nne kwa wiki, na kila safari, akishatoa petroli na wapakizi, humbakia shilingi arobaini.

Sasa anataka basi dogo la kubeba abiria kati ya Nshamba na mjini. Amekwisha kuliona moja kwa Bi Siti, mfanyabiashara wa Miembeni, huko huko Bukoba. Bi Siti anasimulia kwamba wateja wote huanza kwa kuuliza bei au injini, lakini huyu alitaka kwanza aletewe kadi, akauliza aliyeandikwa humo yuko wapi, na afya yake ikoje.

"Nikamwambia, aliyeandikwa ni mimi, mzima kama unavyoniona. Lakini wewe baba, injini huitazami?"

Karugendo anapokumbushwa hayo anafuta mikono kwa tambara na kupanda kwenye usukani.

"Injini ikifa nitaifufua mwenyewe," anasema. "Mwenye gari akifa, siwezi."