Jua Lilipohama Jikoni

Harufu ya ndizi mbichi zikichemka pamoja na maharage ndiyo saa ya kwanza niliyoijua. Nyumbani kwetu Kinyala hatukuwa na saa ya ukutani, lakini harufu ile ilipopenya migombani na kunifikia kijitoni nilikochota maji, nilijua giza limekaribia na inanipasa nipande kilima upesi. Jiko letu lilikuwa banda dogo la miti na udongo nyuma ya nyumba, lenye kuta nyeusi kwa moshi na milango miwili, mmoja ukitazama uwanja na mwingine ukitokea migombani. Msimu ninaoukumbuka zaidi ni ule wa baridi nilipokuwa darasa la tano. Ukungu ulishuka kutoka mlimani mchana kweupe, ukalala barabarani hata ukawa unasikia kikohozi cha mtu kabla hujamwona. Nilikuwa mtoto mwenye haya. Mwalimu akiniuliza swali nilitazama vidole vya miguu yangu mpaka amuulize mwingine. Nalitaja hili mapema kwa sababu haya yangu nusura imdhuru mama.

Ilikuwa miaka ile ambapo serikali iliwaachia watu biashara, na kila mwenye nguvu akatafuta lake. Malori yalianza kuja mpaka barabarani kwetu kununua ndizi za kupeleka Dar es Salaam, na baba akaacha jembe akafuatana nayo. Alikaa huko wiki, wakati mwingine mbili, kisha akarudi na marobota ya mitumba. Katika robota moja alimchagulia mama sketi ya buluu yenye kifungo kikubwa kiunoni, ikamkaa kana kwamba fundi alimpima. Miaka hiyohiyo kiwanda cha chai alikofanya kazi babu, baba yake baba, kilipunguza watu. Babu alikuja kwetu na sanduku la bati, blanketi moja na kifua kilichokuwa kikikwaruza kama mlango wenye kutu. Baba alisema mzee huyu hawezi kukaa sebuleni kwenye baridi, jioni akae jikoni penye moto. Neno lilikuwa jema, na sote tuliliona jema.

Lakini mila ilikuwepo. Kwetu, tangu zamani, mke hakutakiwa kuonana na baba mkwe wake. Akimwona kwa mbali aliiacha njia, na kulitaja jina lake ilikuwa mwiko. Kanisani walikuwa wamekwisha kulegeza mambo hayo, na wake wengi wa rika la mama waliwasalimu wakwe zao bila shida. Mama hakuweza. Alilelewa na bibi yake, mwanamke mkali aliyemfundisha kwamba heshima ya mkwe ndiyo nguo ya ndani ya mke, haionekani lakini akiikosa yuko uchi. Kwa hiyo babu alipokohoa kwenye mlango wa uwanjani, na alikohoa makusudi ili kumpa nafasi, mama alitokea mlango wa migombani. Babu aliketi kwenye kigoda. Mimi na mdogo wangu Gwakisa tuliketi upande wa pili wa moto, tukala.

Mama hakukaa. Alifungia kuku, akamkatia ng'ombe majani, akaanua nguo, kisha kwa kuwa baridi haimruhusu mtu kusimama, akaendelea kuizunguka nyumba tu. Kula kabla ya mkwe hajamaliza kulikuwa kukosa adabu, na kula nje umesimama kulikuwa tabia ya mlafi. Sehemu yake ilibaki chunguni, imefunikwa kwa jani la mgomba, hatua mbili kutoka magoti ya babu. Akipita karibu na ukuta alituambia kwa sauti ya chini, "Nanyi malizeni tu, mimi nimeshiba." Tulimaliza. Babu alisikia neno hilo akaamini mkwe wake amekula wakati wa kupika. Baba alipokuwepo alikula sebuleni na wageni wake, akaamini mama anakula na watoto. Sisi watoto tuliamini watu wazima wana saa yao ya kula tusiyoijua. Mchana mama alikuwa shambani na kiazi kimoja na chai ya rangi, na chakula chenyewe hasa kwetu kilikuwa cha jioni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata wakiishi boma moja.

Ile sketi ndiyo iliyosema kwanza. Kifungo kilisogezwa mara moja, kisha mara ya pili, kisha mama akaacha kukisogeza akaanza kuikunja kiunoni na kuibana kwa pini. Mashavu yake yalizama. Miaka ile mtu hakukonda hivihivi. Ugonjwa wa UKIMWI ulikuwa umepita katika nyumba nyingi za barabarani, na aliyekonda alikuwa amekwisha kuhukumiwa, hasa kama mumewe anasafiri na malori. Kijitoni wanawake walinyamaza nilipofika na ndoo yangu. Mmoja aliniuliza kwa upole kama mama anakohoa usiku. Mwingine akamjibu kabla yangu, "Muache mtoto, lisemwalo lipo." Nilibeba maji nikapanda kilima, na siku hiyo harufu ya ndizi haikunifurahisha.

Mwishoni jirani yetu Mama Asajile, ambaye hakuwa mtu wa kusengenya, alimwambia mama waziwazi aende hospitali. Wakaenda pamoja hadi Makandana. Walimpima uzito, wakamtoa damu, wakamwambia arudi kuchukua majibu baada ya wiki tatu. Daktari alimuuliza anakula nini jioni. Mama Asajile alitusimulia baadaye kwamba mama alitazama chini na kujibu, "Nakula." Angemwelezaje kijana yule wa koti jeupe habari za baba mkwe na mlango wa migombani? Alirudi nyumbani, akapika kama kawaida, na babu alipokohoa akatoka. Usiku ule nilimsikia akimwomba Mungu kwa Kinyakyusa amwachie miaka ya kutosha mpaka Gwakisa aweze kujifulia nguo. Gwakisa alikuwa na miaka mitano. Nilianza kuhesabu miaka.

Katikati ya wiki hizo tatu mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha sayari. Hatukuwa na picha, kwa hiyo alitutoa nje, akachora kwa majivu miduara mikubwa kwenye uwanja wa shule, mmoja ndani ya mwingine. Mvulana mnene kuliko wote aliwekwa katikati awe jua, akaambiwa asimame asifanye lolote, kazi aliyoiweza vizuri. Wengine tukawa sayari. Mimi kwa udogo wangu nilikuwa Zebaki, iliyo karibu na jua kuliko zote, na mwalimu alisema Zebaki hukimbia kuliko wenzake. Nilikimbia mpaka nikaanguka kwa magoti. Wenzangu walicheka, lakini mwalimu alikuja akainama karibu nami. Alisema jua huvuta sayari, na sayari nayo ina mwendo wake wa kwenda mbele. Kwa hiyo haiwezi kuondoka wala haiangukii jua, inabaki inazunguka. Akatuagiza twende tukamweleze mtu mmoja nyumbani, kwa maana jambo usiloweza kulieleza hujalijua.

Mtu niliyemwogopa kidogo kuliko wengine alikuwa babu. Jioni ile alipokwisha kuketi nilichora miduara kwenye majivu kando ya mafiga. Moto nikaufanya jua. Nikaweka kiazi kidogo, harage, kokoto. Babu alifanya kazi miaka mingi na mashine za kukaushia chai, akapenda vitu vinavyozunguka. Aliuliza maswali ya mtu anayejua kazi: nani huvitia mafuta, na je, havigongani? Nikamjibu kwamba kila kimoja kina njia yake. Akakishika kile kiazi kidogo, akakigeuzageuza.

"Na hiki kilicho karibu na moto," akasema, "hupumzika saa ngapi?"

Nikasema hakipumziki. Ndipo nyuma ya ukuta tukasikia miguu ya mama ikipita kwenye majani makavu. Ikaenda hadi upande wa zizi, ikazunguka kona, ikapita upande wa uwanjani, ikarudi. Sijui kwa nini nililisema, mimi niliyeshindwa kujibu hata jina la mkoa wetu darasani. Labda kwa sababu niliongea na majivu, sikumtazama mtu.

"Kama mama," nikasema.

Babu alisikiliza. Miguu ilipita tena, na safari hii nilimwona akiifuata kwa macho ukutani, kana kwamba ukuta ni kioo. Ikapita mara ya tatu.

"Anakwenda wapi saa hizi?"

"Haendi popote, babu. Anazunguka."

"Amekula?"

Gwakisa alikuwa na mkono chunguni, tayari kwa sehemu ya mama. Nikamshika kifundo cha mkono, kwa maana hapo ndipo nilipoelewa kwamba ile saa ya kula ya wakubwa haikuwepo. "Hajala. Hata jana hakula. Chakula chake tunakila sisi."

Nilidhani atanipiga kwa kumsema mkubwa. Badala yake aliweka sahani chini ikiwa na nusu ya ndizi zake, akasugua magoti. Alisema, kama anayejisemea, kwamba mkwewe anakufa njaa mbele ya chungu chake mwenyewe na yeye amekaa anaota moto. Kisha akasimama kwa kigongo chake, akakohoa kwa nguvu ili mama ajue anakotokea, akaenda chumbani kwake wakati mwanga ulikuwa bado uwanjani. Mlangoni aligeuka. "Mwambie mwalimu wako," akasema, "kwamba huku Kinyala jua limehama."

Nilimwita mama. Aliingia kwa mashaka, akatazama kigoda kitupu, akanitazama mimi. Nikamfunulia chungu. Alikula akiwa ameketi, polepole mwanzoni, kisha haraka, kisha polepole tena, na kati ya matonge alijifuta macho akisingizia moshi.

Tangu kesho yake babu aliagiza chakula chake saa kumi, akala nje kwenye ukuta wa magharibi, ukungu ukiwepo au usiwepo. Alisema wazee wa kiwandani walikula saa hiyo na hakuna aliyewahi kuumwa tumbo. Huo ulikuwa uongo mtupu. Kwa ajili ya kifua chake nilipewa kazi: kila jioni niliokota jiwe lililokaa kando ya moto, nikalifunga kwenye gunia, nikampelekea kitandani. Mama ndiye aliyelichagua jiwe, na alichagua lililo bora kila mara. Hawakusemezana kamwe. Lakini babu akilipokea alisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyoihitaji mimi, "Ndaga fijo," yaani asante sana, na mama jikoni aliinua mwiko kwanza kabla ya kuendelea kukoroga.

Siku ya majibu baba alikuwepo, wakaenda Makandana wawili. Nilikaa barabarani tangu mchana. Hofu yangu ilikuwa hii: kwamba njaa ilikuwepo kweli, lakini na ule ugonjwa pia ulikuwepo, na mimi nimegundua kitu kidogo nikidhani ni kikubwa. Ukungu ulikuwa mzito. Nilisikia viatu vya baba kwanza, kisha nikamwona mama akijitokeza kidogokidogo, na alikuwa anatafuna. Mama yangu, ambaye hajapata kula amesimama, alikuwa anatembea barabarani mbele za watu akila andazi. Walilinunua sokoni Bulyaga. Baba aliniwekea mkono kichwani akasema damu haina kitu, na mizani imepanda. Mama alikuwa na mdomo umejaa. Alilimaliza lile andazi lote bila kunimegea, na sijawahi kunyimwa kitu nikafurahi kiasi kile. Niliketi palepale kwenye nyasi mbichi.

Ile pini ilitoka kwenye sketi kabla ya mahindi mapya. Babu sasa amekwisha kufariki, na mpaka mwisho yeye na mama hawakupata kuonana uso kwa uso, ingawa sijaona watu wawili waliotunzana vile. Mimi niliishia darasa la saba na haya yangu haijaniacha. Siku hizi wifi yangu, mke wa Gwakisa, akija kutoka Mbeya anasukuma sahani jioni akisema anapunguza mwili, na mama humtazama kwa hofu ya zamani, kisha humsogezea tena ile sahani. Mama mwenyewe amenenepa. Hospitalini wamemwambia ale mapema na kidogo, naye amechagua saa kumi, kwenye ukuta uleule wa magharibi. Hucheka akisema sasa ndiye yeye mzee wa kiwanda. Mimi hula naye. Akisema ameshiba simwamini kwa maneno, hutazama sahani yake. Nami sitii tonge mdomoni mpaka nimeona la kwanza limeingia mdomoni mwake.