Ndiyo ya Kihanga

Mimi nilisoma shule mbili, zote nusu, na ukiziunganisha hazifiki moja. Chuoni kwa mwalimu wa Kurani nilitoka kwa sababu ya fimbo yake. Shule ya serikali nilitoka kwa sababu mwalimu mwenyewe alitoka. Alihamishwa, nami nikaona si adabu kubaki peke yangu. Kwa elimu hiyo ndiyo nikawa mkalimani wa Mdachi.

Mdachi huyu hakuwa wa kodi wala wa askari. Alikuwa wa maswali. Alizunguka vilima anauliza watu: kwa nini mnaficha watoto wasiende shule? Mnawaonaje watu wa pwani wenye maduka? Mngekula nao? Mngewapa binti zenu? Alianza Kimuli, akaja Rugu, na Kihanga akaiweka mwisho.

Kazi sikuiomba. Mkubwa wetu aliambiwa atoe mtu anayejua Kiswahili na Kinyambo, akanyoosha kidole dukani kwa baba, kidole kikaniangukia mimi. Baba alikuwa mtu wa pwani, muuza nguo na chumvi. Mama alikuwa Mnyambo wa Kimuli, Mungu alishamchukua. Kwa hiyo madukani nilikuwa mshenzi kidogo, na vijijini nilikuwa Mswahili kidogo. Kukataa ningemkatalia nani? Kukimbia ningekimbilia kwa nani? Nikabeba kiti cha Mdachi, tukaenda.

Njiani lakini nilikuwa napiga mluzi, maana nilikuwa na siri tamu. Kulikuwa na binti wa Kihanga aliyekuwa akija dukani kwetu kuchukua chumvi na kucheka Kinyambo changu, akisema kinanuka duka. Nilimwambia baba anitumie mshenga. Baba akasema mtoto wa waungwana haposi migombani. Basi nikaenda mwenyewe. Nikamkuta baba yake yule binti anapogoa migomba, nikazungumza habari za mvua, nikazungumza habari za nyani, na katikati ya nyani nikachomeka habari ya binti. Mzee akaniangalia, akasema, "Ego waitu." Ndiyo, bwana. Niliruka mtaro nikaangukia ndani yake, nikatoka nacheka.

Rugu ndiko Mdachi alikolipuka.

"Mkalimani! Nimemuuliza huyu kama anawapenda watu wa pwani, amesema ndiyo. Nimemuuliza kama anawachukia, amesema ndiyo. Unamdanganya nani, mimi au yeye?"

"Bwana, amesema ego waitu."

"Si ndiyo hiyo?"

"Ni ndiyo, bwana, lakini si ndiyo ya kukubali. Ni ndiyo ya kusikia. Mgeni hakataliwi usoni huku. Hata ukimwambia nyumba yake inaungua, atakujibu kwanza ego waitu, ndipo akimbie."

"Sasa mtu akikubali kweli, utajuaje?"

"Ataanza kubishana, bwana. Nani atakuja, lini, ataleta nini. Asiyebishana hajakubali kitu."

Nilipomaliza kusema ndipo nami nikajisikia. Mzee wa Kihanga alibishana nini na mimi? Hata nyani hakuwabishia. Mluzi ukanikauka mdomoni. Nilikuwa nimeshawatangazia nusu ya soko kwamba nimekubaliwa, na Kihanga ndiyo iliyofuata.

Nilijaribu kuiepa, wallahi. Nikamwambia Mdachi Kihanga kuna tope. Akasema ana viatu. Nikamwambia tumbo linaniuma. Akanipa dawa chungu, akasimama mbele yangu mpaka nikaimeza. Na mkubwa wa Kihanga, kwa kumheshimu mgeni, akatupeleka kwa mkulima safi kuliko wote. Nafikiri mmeshajua ni nani.

Tukaketi ndani kwenye nyasi zilizotandikwa chini, Mdachi kwenye kiti chake. Mzee akatusogezea kikapu cha kahawa ya kutafuna. Nyuma ya ukuta wa matete binti alikuwa anatwanga. Maswali yakaenda. Watoto kwenda shule? Ego waitu. Kuwaficha? Ego waitu. Mdachi akanitazama kwa jicho la kusema, nimekuelewa sasa. Halafu akaleta lile.

"Muulize: utampa binti yako mtu wa pwani?"

Nikageuza maneno. Sikuwa na namna ya kuyageuza yakawa mengine. Kule nyuma kutwanga kukakoma.

Mzee akanitazama. "Anayeuliza ni nani? Huyu mgeni, au wewe?"

"Amesema nini?" Mdachi akauliza.

"Anafikiri, bwana."

Mbele yangu Mdachi, pembeni mkwe asiyekuwa mkwe, nyuma mchi uliosimama. Nikisema ni mgeni, najua jibu, tena najua halina maana. Nikisema ni mimi, naweza kupata jibu lenye maana.

"Ni mimi, tata," nikasema. Tata ndiyo baba, kwa Kinyambo.

Mzee akarudisha kahawa kikapuni.

"Baba yako ana miguu?"

"Anayo, tata."

"Mbona haijafika hapa? Mimi Kiswahili sijui, ila neno moja, nalo nimelipata dukani kwenu. Mshenzi. Nilikuja kuchukua nguo, baba yako akaninyooshea kidole, akamwambia mwenzake, mshenzi, nikapewa ile iliyoliwa na mende. Nguo ile nimeivaa mpaka imekwisha. Neno bado jipya. Sasa sikia. Habari ya ng'ombe baadaye. Kwanza baba yako aje, akae kwenye nyasi hizi, atafune kahawa yangu, aseme kwa mdomo wake kwamba anamtaka mwanangu. Tena aje kabla ya mvua. Watu wa Rugu wameshatuma mshenga, nao hawakupitia kwenye nyani."

Kule nyuma mtu akacheka, akaanza kutwanga tena. Na mimi, matusi yote hayo, nilikuwa nameremeta. Mzee alikuwa anabishana!

"Amesema nini, maneno marefu hivyo?"

"Amesema ndiyo, bwana."

Mdachi akafurahi sana. Akaenda zake Bukoba na habari kwamba watu wa huku hawana ubaya na mtu.

Nilimkuta baba anakunja nguo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umerudi na Mdachi wako?"

Nikamweleza yote, nyasi, kahawa, hata ile nguo ya mende. Alisikiliza bila kunikata. Aliendelea kukunja, akanyoosha pindo, akaiweka nguo juu ya nyingine. Nilingoja anitukane. Nilingoja aulize aende lini, avae nini, nani atakaa dukani, kwa nini nyasi na si mkeka. Angeuliza hata moja tu.

Baba aliishi nchi ile miaka mingi na Kinyambo chake kilikuwa maneno mawili, aliyoyaokota kwa wateja. Akanitazama, akatabasamu.

"Ego waitu," akasema.

Kesho yake nikamkumbusha. Ego waitu. Mawingu yalipoanza kukaa juu ya vilima nikamtolea kanzu yake nzuri, nikaitundika mlangoni. Akasema imetakata, ego waitu, akaipita akaenda kufungua duka. Kwenda Kihanga peke yangu haikufaa. Na kumburuta baba haikuwezekana, maana humburuti mtu aliyekubali.

Mvua ikanyesha.

Msafara wa kumpeleka binti Rugu ulipita njia ya dukani kwetu, wakasimama kuchukua chumvi. Baba akawapimia, akawaongezea na ya juu. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya mitumba ya nguo, nimeshika kanzu.

Mpaka anafariki, baba aliwaambia watu kwamba hakunikatalia. Na ni kweli. Hakunikatalia.