Chupa ya Kisima Chetu

Juzi nilimkuta mdogo wangu akitikisa maji ya sabuni kwenye chupa, nikakumbuka mchana mmoja nikiwa bado shule ya msingi, hapa hapa Katumba. Kulikuwa na maonyesho ya sayansi shuleni, na dada Jeni alinisaidia kupanga jaribio la maji. Kilichonitisha ni kuongea mbele ya watu.

Tukijiandaa nyumbani, tulipanga chupa tatu kwenye benchi: maji ya mvua, ya kijito na ya kisima chetu. Uani kulinukia sabuni ya mche na tumbaku inayokaushwa. Tukatia kila chupa kijiko kimoja cha maji ya sabuni. Tulipotikisa, mbili zikajaa povu. Ya kisima chetu ikatoa povu kidogo, likatoweka. Niliona aibu, nikachukua kijiko niiongezee sabuni.

“Ukiongeza hiyo, ongeza zote,” dada akasema. “Si tunapima maji?”

Nilidhani anapenda tushindwe. Sikujua kwamba maji yetu yana chokaa inayozuia povu, na kwamba hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta.

Jirani yetu, Mama Yosia, akapita na ndoo kichwani. “Nyie, hii mbona mmeinyima sabuni?”

Nilimtazama dada ajibu. Akakichukua kile kijiko mkononi mwangu, akaanza kukiosha.

“Zote tumezipa sawa, mama,” nikasema, na sauti yangu ikafika hadi barabarani. “Maji ya kisima chetu ndiyo yako hivyo.”

“Kumbe ndiyo maana sabuni yangu haikai.” Akatua ndoo. “Hebu tikisa tena, nione vizuri.”

Nikatikisa. Dada alikuwa ameinama, anaosha kijiko ambacho tayari kilikuwa kisafi, anatabasamu.